Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Sisi wa viwandani na mashambani tunaijua maana yake. Aliyeunda mashine ya kusokota nyuzi hakusimama mbele yake zamu nzima. Aliyenunua mizani ya elektroniki ya kupimia majani ya chai hajabeba kapu mgongoni hata siku moja. Wembe ukiwa butu, anayeumia ni mwingine.

Leo, ndugu msomaji, tuwatazame wafanyakazi wa namna nyingine: watunga programu, yaani wale wanaoandika maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Nao wana vifaa vyao vya kazi, na vifaa hivyo huvitengeneza wenyewe.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, wakubwa waliamua kujitoa katika mpango mkubwa wa kompyuta ulioitwa Multics. Wafanyakazi wachache, miongoni mwao Ken Thompson na Dennis Ritchie, hawakutaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani wa kazi. Walipata kompyuta ndogo, PDP-7, ambayo haikuwa na kazi nyingi. Mwanzoni waliandika programu zao katika kompyuta kubwa, zikatobolewa kwenye utepe wa karatasi, na utepe huo ukabebwa kwa mkono hadi kwenye ile ndogo. Baadaye waliipa ile ndogo vifaa vyake vya lazima: cha kuandikia na kusahihishia maandishi, na cha kuyageuza yawe lugha ya mashine. Hapo utepe ukaachwa. Tangu siku hizo mfumo wao, uliokuja kuitwa Unix, ulitengenezwa ndani ya Unix yenyewe. Kinyozi akaanza kujinyoa.

Na kweli alijikata. Kifaa kikiwa na kasoro, kazi ya aliyekitengeneza ndiyo iliyochelewa. Mfumo ukianguka, walioujenga ndio waliokaa bure. Lakini hapa pana tofauti kubwa na sisi: aliyekatwa ndiye aliyekuwa na jiwe la kunolea. Hakuandika barua kwa meneja na kungoja jibu. Alifungua maandishi ya programu akarekebisha. Mwaka 1973 waliandika upya moyo wa mfumo wenyewe kwa lugha ya C aliyoiunda Ritchie. Mwaka 1974 yeye na Thompson walieleza katika jarida la kitaalamu kwamba mtengenezaji anayelazimika kutumia kazi yake mwenyewe huziona kasoro zake upesi, tena hupata hamu ya kuziondoa kabla hawajachelewa.

Je, kujinyoa peke yake kunatosha? Hapana.

Watengenezaji hao walikuwa wakitumia mashine za taipu nzito na za polepole. Kwa hiyo walifupisha majina ya maagizo mpaka mengine yakabaki herufi mbili: cp ni kunakili, rm ni kufuta. Mtu akikosea, kifaa cha kuandikia kilimjibu kwa alama moja tu ya kuuliza. Wao walielewana nacho vizuri. Mgeni alibaki anakodoa macho. Kiatu kilichopimwa kwa mguu wa fundi hakimkai kila mtu.

Bahati njema, watu wengine waliingia. Mwaka 1970 walinunuliwa kompyuta mpya, PDP-11, kwa ahadi ya kutengeneza mfumo wa kuandikia na kupangia nyaraka. Mwaka 1971 wapiga chapa watatu wa idara iliyoshughulikia maombi ya kusajili uvumbuzi walianza kuitumia kwa kazi yao ya kila siku. Mashine ilikuwa hiyo hiyo moja, wapiga chapa na watunga programu pamoja. Nafasi ya kuhifadhia maandishi ilikuwa ndogo sana, kiasi cha herufi nusu milioni hivi, na hapakuwa na kinga yoyote kati ya programu na programu. Fundi akijaribu jambo jipya na kukosea, aliweza kuuangusha mfumo wote wakati wapiga chapa wako kazini.

Fikiria hali hiyo. Kosa la fundi halikuwa tena siri yake. Aliyeharibiwa kazi alikuwa karibu, na fundi alilazimika kutangulia kwa tahadhari kila alipofanya jaribio. Kazi ilikuwa ya taabu, lakini ilifaulu. Idara ile iliupokea mfumo, na kufaulu huko kukawasaidia mafundi kupata kompyuta kubwa zaidi.

Usidhani habari hizi ziko mbali nasi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, alianza kuandika Linux kwa kufuata mfano wa Unix, na Linux ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mfukoni.

Sasa turudi kwenye zamu zetu. Mashine ya alama za vidole ikikataa kidole kilichochubuka kwa kazi, mfanyakazi huandikwa mtoro. Mizani ikikosea, kilo za mchumaji hupotea na mshahara wake unapungua. Mwenye programu yuko mjini, hajakatwa. Ndiyo maana jambo hili ni la kujadiliwa katika mapatano, wala si la kuachiwa mafundi peke yao.

Tudai kwamba kabla mashine mpya haijaanza kuamua mshahara, ijaribiwe na wafanyakazi wenyewe, huku hesabu ya zamani ikiendelea kutumika. Msimamizi na fundi nao waitumie, zamu nzima, si kwa dakika tano za maonyesho. Malalamiko yapelekwe kwa mtu mwenye uwezo wa kurekebisha, na jibu lirudi kwa kamati ya tawi kwa maandishi. Na kosa la mashine liandikwe kuwa la mashine, lisikatwe katika ujira wa mtu.

Hatupingi wembe mpya. Tunachosema ni kwamba kinyozi aanze na kidevu chake, kisha atuulize sisi kama unauma.