Kilauri cha timu iliyokufa

Huko Nzilo, si mbali na bwawa ambalo Wabelgiji waliliita Delcommune, tulikaribishwa kwa familia ya baba mmoja aliyetumika migodini. Mama alituletea maji ndani ya makopo ya plastiki. Lakini juu ya kabati tuliona kilauri kizito, rangi yake nyekundu imeanza kutoka, maandishi yangali yanasomeka: Houston Comets.

« Ile haiko ya kunywea, alisema mama. Minaibeka pa juu, batoto basiiguse. »

Alikinunua Kolwezi kati ya vitu vya mitumba, bila kujua ni cha nini. Binti yake, anayecheza basketi shuleni, njo alimwelezea.

Basi tueleze na sisi, ndugu wasomaji. Comets ilikuwa timu ya wanawake wa basketi ya kulipwa, kule Marekani. Jina hilo maana yake ni nyota zenye mkia. Ligi yao, WNBA, ilianza 1997, na Comets wakabeba kombe mwaka huo, na 1998, na 1999, na 2000. Mara nne, mfululizo! Cynthia Cooper, Sheryl Swoopes, Tina Thompson: nani angewasimamisha?

Waliojaribu ni Los Angeles Sparks, na huko alikuwako dada yetu Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 1996 alikuwa amevaa jezi ya Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta, ambako, tuseme ukweli, tulipigwa michezo yote. Comets waliwaondoa Sparks 1999 na 2000. Mwaka 2001 zamu ikageuka: Sparks waliwatoa Comets, wakachukua kombe, na 2002 tena. Halafu 2008 Mabika mwenyewe akahamia Houston, kwa wale wale aliopambana nao miaka yote.

Ukawa msimu wa mwisho wa Comets. Mwenye timu alitaka kuiuza, mnunuzi hakuonekana, na Desemba 2008 ikafungwa. Wachezaji waligawanywa kwa timu zingine. Zikabaki jezi, kofia na vilauri. Huko Marekani kuna watu wanaotafuta vitu vya timu zilizokufa, na viwanda vinachapa vipya vyenye alama za zamani. Kwetu sisi, cha zamani chenye mikwaruzo kinapita hivyo vyote.

Baba wa nyumba alikuwa kimya mpaka hapo. « Baligawanywa? » akauliza, akacheka. Yeye aliacha kazi 2003, wakati wa départ volontaire, pamoja na wafanyakazi wengine zaidi ya 10 000 wa Gécamines. « Siye, kila mutu alirudia kwake. » Kikombe chake cha chuma cha kazini hakikai juu ya kabati. Anakunywea chai kila asubuhi, ingawa kimebanduka pembeni na mpini umepinda.

Tulipokuwa tunaaga, binti aliingia kutoka mazoezini, miguu yote vumbi. Aliangalia juu ya kabati.

« Mama, leo ninywee mule? »

« Posho muko na mechi, mama akamjibu. Mukishinda, nitakushushia. »

Binti akachukua kopo la plastiki, akanywa amesimama.