Motokari ya mazuti ikikataa kuwaka asubuhi, usiipelekee mbabula



Mwezi wa sita na wa saba, hapa Likasi tunalala na mablanketi mawili. Mbele ya jua kutoka, baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Ndipo tunasikia demareri zinalia katika kambi: motokari za zamani za mazuti zinakataa kuwaka, na kazi haingoji mtu.

Basi wengine wanachukua mbabula ya makala na kuiweka chini ya motere. Asubuhi moja ya baridi niliitwa kwa jirani. Baba wa nyumba alikuwa amefunga mlango wa garaji kwa kuogopa wezi, akaketi karibu na mbabula kungoja motere ipate joto. Mtoto wake alienda kumwita, akamkuta ameanguka. Mtoto naye akaanza kuona kizunguzungu. Bahati njema, aliacha mlango wazi nyuma yake. Wote wawili walipona. Lakini kidogo tu tungezika watu wawili kwa sababu ya motokari ambayo ugonjwa wake ulikuwa mdogo.

KWA NINI INAKATAA?

Motere ya esansi inawashwa na cheche. Motere ya mazuti haina cheche. Pistoni inaminya hewa karibu mara 20, hewa inapata moto mkali, na mazuti yakiingia yanawaka yenyewe. Shika pompi ya kinga baada ya kujaza hewa: utasikia imepata joto. Ni kazi ileile.

Usiku chuma kinapoa, na asubuhi kinanyang'anya hewa joto lake. Mafuta ya motere yanakuwa mazito, batri inapunguka nguvu, demareri inazunguka polepole. Tena mji wetu uko karibu metre 1.300 juu ya bahari: hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndiyo maana motere nyingi za zamani zina buji za kupasha joto mbele ya kuwasha.

TAFUTA UGONJWA KWA UTARATIBU

Munganga haanzi kwa kupasua tumbo. Anasikiliza, anatazama, kisha anagusa. Fanya vile vile.

1. Sikiliza demareri. Ikizunguka kwa uvivu, anza na batri. Safisha vichwa vyake, kaza waya, hata ile inayofungwa kwa chuma cha motokari.

2. Kama inazunguka vizuri, tazama moshi nyuma. Hakuna moshi hata kidogo? Mazuti hayafiki. Moshi mweupe? Mazuti yanafika, lakini hayawaki.

3. Kama hakuna moshi, tazama filtri na tuyo. Tuyo lenye ufa linaingiza hewa, na usiku mazuti yanarudi katika tanki. Kama motere inawaka baada ya kupompa kwa mkono, ujue ni hewa. Badilisha tuyo.

4. Kama kuna moshi mweupe, fikiria buji. Kwanza uvumilivu: motere nyingine za zamani zinataka sekunde 20 au zaidi mbele ya kuzungusha demareri. Kisha zima kontakti, ondoa waya ya buji, ufunge lampi ya volti 12 kwa plus ya batri, na waya yake ya pili iguse kichwa cha buji. Lampi isipowaka, buji imekufa. Katika motere nyingine za zamani sana, buji zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine: moja ikikufa, zote zinanyamaza. Hizo mpelekee fundi.

5. Kama yote ni mazima, labda pistoni na segma zimechakaa, haziminyi hewa ya kutosha. Hapo ni kazi ya fundi, si ya moto.

MAMBO YANAYOUA AU KULEMAZA

Mbabula. Gazi la makala halina harufu wala rangi. Linashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anatapika, analala, haamki. Moshi wa motere katika garaji iliyofungwa una gazi lile lile. Ukimkuta mtu ameanguka, fungua milango yote kwanza, mvute inje haraka, umpeleke hopitali hata akisema amepona. Na moto chini ya motokari unaweza kushika mazuti yanayovuja.

Eteri ya kopo. Katika motere yenye buji za joto inaweza kulipuka na kuvunja pistoni, au kukuchoma uso.

Kunyonya mazuti kwa mdomo. Yakiingia katika mapafu yanaleta ugonjwa mkali. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa. Apelekwe hopitali.

Injekteri. Inapiga mazuti kwa nguvu zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida. Usiweke kidole mbele yake. Yakipenya ngozi utaona tundu dogo kama la sindano, lisiloumiza sana. Usidharau! Nenda hopitali saa ile ile, kwa sababu mkono unaweza kuoza ndani.

Batri. Inatoa gazi linalolipuka: usivute sigara karibu yake. Asidi ikiingia katika jicho, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kuacha, kisha njoo tukuone.

Kusukuma. Motere isipowaka, freni na usukani vinakuwa vizito. Usisukume kwenye mtelemko, na watoto wakae mbali.

Mama, ukiona baba anatoka na mbabula kwenda garaji, mzuie. Afadhali kufika kazini umechelewa kwa miguu kuliko kutoka garaji umebebwa. Jioni ya leo, mbele ya baridi, jaribu buji na kaza waya za batri. Mbabula ibaki kupika bukari, inje, penye hewa.