Ukivuka Kasindi kwenda Kampala, angalia kuume kwanza

Watu wa Beni, Butembo na Bunia wanaenda Kampala kila siku: kwa matibabu, masomo, biashara, ao juu ya kukimbia vita. Wanatayarisha karatasi na pesa ya njia. Mambo ya barabara yenyewe wanayagundua wakati mguu umeshafika kwenye lami.

Kwetu, tangu wakati wa Wabelgiji, gari zinapita mkono wa kuume. Uganda ilibaki na desturi ya Waingereza: zinapita kushoto. Pale Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi, dereva anabadilisha upande. Yeye hateseki sana, maana gari nyingi za kwetu tayari ziko na usukani kuume. Mwenye hatari ni yule wa miguu. Macho yake yamezoea kuanza kushoto. Anaona njia iko wazi, anaingia, kumbe gari ya kwanza inatokea kuume. Basi angalia kuume, kisha kushoto, kisha kuume tena, na watoto wafundishe siku ile ile ya kufika, mbele ya kuwatuma dukani. Motari, ambaye kule wanamuita boda boda, yeye anapita popote, sawa na wa kwetu.

Majina nayo yanadanganya. Ukisema "taksi" Kampala, watakuonyesha basi ndogo nyeupe yenye ukanda wa bluu, ya watu 14. Gari ya kukodi peke yako wanaiita "speshali". Bei ya taksi haiandikwe mahali. Mvua ikinyesha, ao jioni watu wakitoka kazini, inapanda. Usianze na konda. Uliza abiria aliye kando yako, kisha shika pesa kamili mkononi. Kwa boda, mupatane bei mbele ya kupanda, na uombe kaske.

Usishangae ukiongea Kiswahili na mtu akanyamaza. Kampala wengi wanasema Kiluganda, na wazee wengine wanakumbuka Kiswahili kama lugha ya askari. Neno moja litakusaidia: ukitaka kushuka, sema "mumaaso awo", maana yake hapo mbele. Konda atafungua mlango, na mlango uko kushoto, upande wa pembeni ya njia. Kwetu basi za aina ile ile zinatushusha katikati ya barabara.