Siri Inapovuja Bila Mwizi

Tarehe 3 Mei mwaka 2018 kampuni ya Twitter, ambayo leo inaitwa X, iliwashauri wateja wake wote, wapatao milioni 330, wabadilishe maneno yao ya siri. Kampuni ilieleza kwamba haikuona dalili ya mtu yeyote kuingia na kuiba. Sasa kama mwizi hakuwapo, hofu ilitoka wapi?

Ilitoka humo humo ndani. Kwa kawaida kampuni za namna hii hazitunzi neno lako la siri kama ulivyoliandika. Hulisaga kwanza, kama mahindi yasagwavyo mashineni, na kinachowekwa ghalani ni unga tu. Unga haurudi kuwa punje. Kesho ukiliandika tena neno lako, husagwa upya, na unga wa leo hulinganishwa na wa jana. Lakini programu kubwa huwa pia na daftari la kumbukumbu, ambamo hujiandikia yenyewe yanayotokea ili mafundi wapate pa kuanzia mambo yakiharibika. Pale Twitter maneno ya siri yaliandikwa katika daftari hilo kabla ya kusagwa. Ghala limefungwa kwa kufuli, kumbe punje zimemwagika uani!

Kosa kama hili ni gumu kulikamata kwa kuijaribu programu. Mteja anaandika neno lake, anaingia, kila kitu kinakwenda sawasawa. Nani atakumbuka kwenda kulisoma daftari?

Ndipo inapokuja kazi iitwayo uchambuzi tuli. Ni tuli kwa sababu programu inayochunguzwa haiendeshwi. Husomwa tu jinsi ilivyoandikwa, na anayesoma si mtu bali ni programu nyingine. Mfano wake ni fundi bomba anayekaa na ramani ya nyumba kabla maji hayajafunguliwa, akalifuata kila bomba kwa kidole. Mchambuzi huyu huambiwa mambo mawili: siri zinaingilia wapi, kama vile pale mteja anapoandika neno lake la siri au namba ya kadi ya benki, na ni wapi hazitakiwi kufika, kama vile daftari la kumbukumbu. Kisha huifuata siri hatua kwa hatua, hata ikibadilishwa jina, ikifungwa pamoja na vitu vingine, au ikipitishwa katika mafaili kumi. Ikipita kwenye mashine ya kusaga, huiacha iende zake. Ikifika daftarini ingali punje, hutoa onyo na kumwonyesha mwandishi njia nzima iliyopitia. Binadamu mwenye mistari milioni moja mbele yake hana uvumilivu huo.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Siri asiyoambiwa kuwa ni siri ataitazama ikipita. Tena huonya hata pasipo na jambo. Facebook, ambao mwaka 2020 walitangaza mchambuzi wao aitwaye Pysa na kumtoa bure kwa wote, walieleza kazi yake katika programu za Instagram kwa nusu ya kwanza ya mwaka huo: kati ya maonyo 330, makosa makubwa yalikuwa 49, na maonyo 150 yalikuwa ya bure kabisa. Mbwa anayebwekea kila kivuli mwisho hupuuzwa, na waandishi wa programu, ambao daima wana haraka, ni wepesi wa kumfunga mdomo.

Na ni Facebook hao hao waliokiri mwezi Machi 2019 kwamba maneno ya siri ya mamia ya mamilioni ya watu yalikuwa yamewekwa wazi, bila kusagwa, katika mitambo yao ya ndani. Mwezi Septemba 2024 Tume ya kulinda taarifa binafsi ya Ireland iliwatoza faini ya euro milioni 91.

Huku kwetu sheria za kulinda taarifa za watu zimekwisha kutungwa, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Chama cha akiba na mikopo kinachomwagiza fundi akitengenezee programu hakina haja ya kujua kusoma kazi yake. Kinaweza kuandika katika mkataba kwamba siku ya kukabidhiwa kipewe pia orodha ya maonyo yote ya mchambuzi, na kwa kila onyo lililopuuzwa iandikwe sababu, pamoja na jina la aliyelipuuza.