Wavunja rekodi wa tendi zetu, na wanaonivunja moyo

Wasomaji wa riwaya za majoka na viti vya enzi hubishana usiku kucha ni mhusika yupi wa kupendwa na yupi wa kulaaniwa. George R. R. Martin amewapa vitabu vitano kati ya 1996 na 2011, nao wangali wanazozana huku wakisubiri cha sita. Ubishi huo nauelewa vizuri, ila mashujaa wangu wanatoka karibu zaidi: Pate, Kano, Kongo Mashariki na bonde la Tarach. Mataji ninayowavisha hapa nimeyagawa nikiwa huku Turkana, basi mizani ikielemea upande wa kaskazini, sababu mnaijua.

Ukongwe na urefu haviniumizi kichwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, una tarehe ya 1728, na ni miongoni mwa miswada mikongwe kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo. Kwa urefu, sijasoma utenzi unaoushinda ule wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya elfu nne. Taji la ukongwe liende kwa Mwengo, la urefu kwa Mgeni.

Kazi inaanza kwa Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utenzi wake 1913, na humo shujaa huyu anavunja rekodi tatu au nne kabla msomaji hajavuta pumzi. Safari ya siku nne mpaka Pate anaimaliza kwa siku moja. Mkoba wake ukimwagwa unatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga yake. Akifungwa gerezani, mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, kijakazi Saada anaupeleka, walinzi wanakula vyakula vizuri vilivyoletwa pamoja nao na kumwachia mfungwa wishwa wake. Ngoma ya gungu inapigwa nje, naye ndani anakata pingu bila kusikika. Sijapata kusoma kutoroka kulikopangwa vizuri kuliko huko.

Hata hivyo, nikifika hapo moyo unagawanyika. Sifa ni za Liyongo, lakini aliyepita mbele ya walinzi na kifo mkononi ni Saada. Kama kuna taji la ujasiri katika kisa hicho, nampa yeye. Halafu linakuja lile la mwana. Baba aliyewazidi akili askari wa gereza zima anashindwa kumnyima mwanawe siri kwamba ni sindano ya shaba kitovuni tu iwezayo kumwua. Kila nikisoma natamani anyamaze, na kila nikisoma namwelewa kwa nini hakunyamaza. Anakufa amepiga goti karibu na kisima, mshale u tayari kwenye upinde, na watu wanakaa bila maji kwa kumwogopa maiti. Hiyo nayo ni rekodi, ya kutisha baada ya kufa.

Luanda Magere wa Waluo wa Kano aliangushwa vivyo hivyo. Mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haukuingia. Mke aliyetoka kwa maadui akagundua kwamba uhai wake umo kivulini. Wengi humlaani mke huyo. Mimi siwezi. Alipelekwa kwa mume adui kama silaha, na hakuna msimulizi anayetuambia yeye mwenyewe alitaka nini.

Taji la majivuno ni la Mwindo wa Wanyanga, ambaye Candi Rureke alimsimulia kwa mtafiti Daniel Biebuyck mwaka 1956. Anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, aliyekataza watoto wa kiume, anamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo anatoka, anauteketeza mji wa baba kwa radi, kisha anamfuata mzee mpaka kuzimu. Nilikuwa karibu kumchukia kwa kujisifu kwake. Lakini anawafufua waliokufa, anagawana ufalme na baba yule yule, na baadaye Nkuba, mwenye radi, anamchukua mbinguni mwaka mzima kumfunza adabu kwa sababu ya joka alilolichinja. Katika orodha hii ni yeye pekee ambaye utenzi wake wenyewe unamrudi, naye akarudika.

Sasa nyumbani. Lokerio, emuron (mwaguzi) mkubwa wa karne ya 19, husimuliwa kuwa alilipiga Ziwa Turkana kwa fimbo, maji yakapasuka, vijana wakavuka hadi ng'ambo na kurudi na ngamia. Kwa kuthubutu hana mpinzani: ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote ya kudumu jangwani duniani. Ila ngamia wale walikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na watoto waliokunywa maziwa yao. Nampa taji, simpi shangwe.

Nariokotome, huku huku Turkana, ina mhusika asiye na utenzi. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliokota kipande kidogo cha fuvu kando ya mto, na kazi iliyofuata ikafukua mifupa ya mvulana aliyekufa miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Ni miongoni mwa mifupa iliyokamilika kuliko yote ya wanadamu wa kale. Meno yanasema alikuwa na miaka minane au tisa, na tayari alikuwa na urefu wa kama sentimita 160. Ni mtoto tunayejua kimo chake ilhali hatujui mama yake alimwitaje. Huyu peke yake ndiye ninayempenda bila shaka yoyote, labda kwa sababu hakuna aliyetuambia kosa lake.

Taji kuu nampa Nayeche. Wapo wanaomsimulia kuwa msichana aliyekimbia njaa ya Wajie akifuata nyayo za dume la ng'ombe lililopotea. Waturkana wengi humsimulia kuwa bibi kizee, ambaye vijana waliomfuata dume huyo walimkuta peke yake akichuma matunda ya porini. Aliwaonyesha nchi na kuwapa moto. Bonde la Tarach walilopita ni la mto ule ule unaokatiza Kakuma leo. Rekodi yake ni hii: alianzisha taifa bila kuua mtu. Namlaumu jambo moja tu, kwamba hakurudi kwa jamaa zake wa Karamoja, na waliozaliwa pande zote mbili za njia ile wamekuja kuporana mifugo kwa bunduki. Mapatano ya Lokiriama ya 1973, kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, hukumbukwa palepale yalipofanywa. Ningefurahi kisa cha Nayeche kikisimuliwa hapo kabla ya hotuba za wakubwa, na kisimuliwe na wanawake wa pande zote mbili.