Kidole Mwanza, Kitufe Mugumu

Tuseme ni saa nane za usiku na seva ya hospitali moja mjini Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, imeganda. Fundi anayeijua amelala Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na lami ya Makutano–Nata–Mugumu imejengwa kwa vipande kwa miaka mingi. Mlinzi anaweza kuamshwa achomoe waya. Lakini mbele ya kabati lenye mashine nne za kufanana, mlinzi huweza kuzima ile nzima.

Dawa imo ndani ya seva yenyewe. Kwenye ubao wake mkuu hukaa kompyuta nyingine ndogo, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. HPE (zamani HP) huiita iLO, Dell huiita iDRAC. Mwaka 1998 Intel, HP, NEC na Dell walitoa lugha ya pamoja ya kuzungumza na kompyuta hizo, IPMI. Mwaka 2015 ikafuata Redfish. Seva ikizimwa, kompyuta hii haizimiki. Hula umeme kidogo unaopita muda wote waya ukiwa umechomekwa ukutani, kama luninga iliyozimwa kwa rimoti ikabakiza kitaa chekundu.

Fundi huingia kwa kivinjari na nywila. Wengi hapo hukimbilia kitufe cha kuzima, na ndipo wanapoharibu. Kwanza itazamwe skrini, kwa kuwa mtambo huu huonyesha kile ambacho angekiona aliyesimama mbele ya seva. Mashine inayodhaniwa imekufa huenda inakagua diski zake baada ya umeme kukatika, na kuikatia tena ni kumnyang'anya mshonaji sindano katikati ya pindo. Kisha isomwe kumbukumbu ya matukio: joto, feni, kifaa cha kulisha umeme.

Ikibidi kuzima, huanza ombi la upole, ambalo huipa programu nafasi ya kufunga mafaili. Likipuuzwa, kuna kuanzisha upya bila kukata umeme. La mwisho ni kukata kabisa, kungoja sekunde chache na kurudisha. Hili huondoa hata ukaidi uliobaki kwenye kadi za ndani, na hupoteza chochote ambacho hakijaandikwa kwenye diski.

Si kila mji unaihitaji dawa hii kwa kiwango kimoja: Tarime iko kwenye barabara kuu ya lami iendayo Sirari, na fundi wa Musoma huifikia bila taabu kubwa. Kwa Mugumu kitufe cha mbali ni hitaji hasa, na huko ndiko mipaka yake inakoonekana. Katika muongo wa 2000, mradi wa ICT4RD, uliowaunganisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha KTH cha Sweden, ulijenga mtandao wa kasi katika wilaya za Bunda na Serengeti. Mawasiliano yalipopatikana, umeme ukabaki swali gumu. Mwaka 2011 mtafiti Amos Nungu na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna ya kulisha umeme mitandao ya aina hiyo.

Betri ya UPS ikiisha, kompyuta ndogo nayo hulala. Kwa hiyo seva ipangwe mapema ijiwashe umeme wa TANESCO unaporudi. Na ruta ikiganda, njia ya kufikia kitufe imekufa. Swichi ya umeme yenye laini ya simu, inayoikatia ruta umeme kwa ujumbe mfupi, huokoa safari nzima.

Mlango wa kuingilia kompyuta hii ndogo usiachwe wazi kwenye intaneti. Kwa miaka mingi mashine za Dell zilitoka kiwandani na jina root na nywila calvin, na wapo wasiozibadilisha. Mwaka 2017 ilibainika kwamba iLO 4 ingeweza kumruhusu mgeni bila nywila yoyote: alihitaji kutuma herufi A mara 29.