Kumwongoza Mgeni Katika Nchi ya Mugango na Musoma

Wasikilizaji wetu, mara nyingi twawasikia vijana wa ufukoni wakisema ya kuwa hapa kwetu hakuna cha kumwonyesha mgeni. Husema kwamba mgeni hutafuta simba, na simba wako Serengeti. Au hutafuta majumba marefu, na hayo ameyaacha kwao. Basi mgeni akishuka garini pale Mugango huonyeshwa ziwa kwa kidole, kisha huombwa pesa. Naye hulipa, hupiga picha moja, hurudi Musoma mjini, na akiulizwa ameona nini hana la kueleza. Leo twataka kueleza jinsi kazi ya kuongoza wageni inavyofanywa na watu waijuao, na kwa sababu gani katika nchi ya maji kama hii kiongozi asiyeijua kazi yake aweza kumfikisha mtu kwenye mauti.

Tuanze na wenzetu wa mbali. Katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, tangu mwaka 1951 iko njia ya miguu inayofuata mstari mwekundu ardhini, mahali pengine wa rangi na pengine wa matofali. Mgeni akiufuata mstari ule kwa urefu wa kilomita 4 hivi, hupita mahali 16 pa historia ya mji. Na katika New York, mwaka 1992 kilianzishwa chama cha wenyeji wanaojitolea, kiitwacho Big Apple Greeter. Hao humtembeza mgeni bure, naye huonyeshwa mtaa anaokaa mwenyeji yule mwenyewe. Shauri la viongozi wa miji kama ile ni kwamba mgeni asitake kuuona mji wote kwa siku moja. Achague upande mmoja, atembee kwa miguu, apande treni wanayopanda wenyeji, ale wanapokula. Shauri hili lafaa kwetu pia. Mgeni mwenye siku moja asipelekwe mbio Mugango, Butiama na Bunda, akarudi jioni na vumbi tu.

Mugango iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kusini ya Musoma, katika nchi ya watu ambao lugha zao zakaribiana sana: Wakwaya, Waruri na Wajita. Saa ya kumleta mgeni ni alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa irudipo. Lakini kiongozi hana budi kuujua mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa hufuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa betri. Mwezi mpevu ukiwaka, taa haina nguvu na wavuvi wengi hukaa nyumbani. Kiongozi aliyemwamsha mgeni saa kumi ya usiku katika mbalamwezi, kisha wakakuta mitumbwi imelala mchangani, atapata taabu ya kujieleza.

Dagaa wakishateremshwa, akina mama huwaanika juu ya mawe, mchanga au nyavu. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka huharibika, na hasara ni ya mama yule aliyekwisha kuwalipia. Kwa hiyo mgeni asikanyage kanda zao, wala asipige picha kabla ya kusalimu na kuomba ruhusa. Mtu aliyeinama kazini si sanamu. Akiisha kuruhusiwa, aulize bei, aulize wanauzwa wapi, na kiongozi atafsiri yote bila kupunguza. Aelezwe pia kwamba sangara, samaki mkubwa anayesifiwa sana, si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka nje katika miaka ya 1950, na tangu hapo namna nyingi za samaki wadogo waitwao furu zimepungua mno au zimetoweka kabisa.

Baada ya hayo, mgeni hutazama mawe. Majabali yaliyopandana kama mizigo hayakupangwa na mtu, ingawa tumepata kumsikia kiongozi mmoja akisema yalipangwa na majitu ya kale. Hadithi ni njema ikiitwa hadithi. Kweli yenyewe ni ya ajabu kuipita: mwamba huu una umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ulipasukapasuka ukingali chini ya udongo, maji yakaingia katika nyufa na kuzila pembe zake, kisha udongo ukachukuliwa na mvua za zamani nyingi, yakabaki mawe ya mviringo. Humo hukaa pimbi, na mijusi ambao madume yao yana kichwa chekundu na mwili wa buluu. Juu ya ziwa yuko furukombe, na mdiria mweusi na mweupe asimamaye hewani akipiga mabawa kabla hajajitupa majini. Mgeni mpenda ndege aweza kukaa hapo asubuhi nzima, aachwe akae.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Jua likipanda, mgeni huyaona maji, akaona joto, akataka kuoga. Hapo ndipo kiongozi hupimwa. Kijana mwingine huogopa kumnyima mgeni furaha, akadhani atanyimwa bahashishi, akasema, "Oga tu, sisi twaoga kila siku." Ni kweli kwamba twaoga, na ni kweli pia kwamba wengi wetu twaugua. Kichocho huletwa na konokono wadogo wakaao katika maji yaliyotulia yenye majani. Mtu mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa. Vijidudu huingia katika konokono, huzaana humo, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua likiwa kali karibu na adhuhuri. Havina haja ya kunywewa. Hupenya katika ngozi nzima isiyo na kidonda, na mtu hasikii kitu ila pengine mwasho mdogo. Baada ya wiki au miezi ndipo huja homa, maumivu ya tumbo na kuharisha damu, na mwisho ini huharibika. Dawa yake iko, nayo ni prazikwanteli, lakini daktari wa Ulaya asiyejua ya kuwa mtu wake alioga ziwani aweza kuhangaika muda mrefu. Kwa hiyo mgeni aelezwe kabla, na kama amekwisha kuingia majini, aambiwe waziwazi apimwe arudipo kwao. Juu ya hayo wako mamba na viboko. Kiboko huonekana mpole machoni, naye huua. Mahali pa kuoga hapajulikani kwa kutazama. Huulizwa wavuvi wa mahali pale pale, siku ile ile.

Na mtumbwi je? Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na hali yake hubadilika upesi. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake. Ndiyo sababu mawimbi yaliyolala asubuhi huamka adhuhuri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hutoka bara pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ndipo dhoruba za usiku huzaliwa huko. Basi safari ya starehe na iwe ya asubuhi, baada ya kuutazama mbingu, na iwe karibu na pwani. Nahodha mwenye kusema, "Leo hapana," asibishiwe kwa pesa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimepakia watu kupita kiasi. Walikufa zaidi ya watu 200, nao walikuwa wamebakiza mwendo mfupi tu kufika gatini.

Siku ya pili mgeni aende Butiama. Njiani apitishwe shule ya Mwisenge, Musoma mjini, ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kutoka kwao hata shuleni ilikuwa maili 26 hivi kwa miguu, na mgeni akiambiwa hayo kabla ya kupanda gari, ataitazama njia kwa macho mengine. Butiama, pale Mwitongo, ndiko alikozaliwa tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Ndiko alikolima baada ya kuacha urais mwaka 1985, na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Iko nyumba ya makumbusho yenye zawadi alizopewa na vitu vyake alivyovitumia. Kaburini mtu huvua kofia na kushusha sauti bila kuamriwa. Mgeni akiuliza juu ya ujamaa na vijiji, ajibiwe yale mema na yale yaliyowaumiza watu. Hakuja kutoka mbali ili apewe nusu ya habari.

Wenye kutaka wanyama, lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza, kusini ya Bunda. Nyumbu hupita upande huu wa Serengeti yapata Mei hata Julai. Nguo za buluu na nyeusi zisivaliwe huko, kwani huvuta mbung'o.

Yamebaki ya malipo. Bei yote isemwe asubuhi kabla ya kutoka: ya kiongozi, ya pikipiki au gari, na ya mtumbwi. Kiingilio cha makumbusho na cha hifadhi kilipwe mahali pake, na mgeni apewe risiti mkononi mwake. Bei ya mtumbwi iwe na majaketi ya kuelea ndani yake, moja kwa kila mtu, pamoja na nahodha. Na kama majaketi hayakutimia, walioko pungufu hubaki ufukoni pamoja na akina mama wa dagaa, wakingoja zamu ya pili.